Ngome Huanguka kwa Mkono wa Aliye Ndani



Ukifika Bweranyange, katika Wilaya ya Karagwe, palipokuwa makao ya kale ya Abakama, hutakuta ngome ya mawe yenye mizinga kama ile ya Mombasa. Utakuta vilima, migomba, mibuni na malisho ya ng'ombe. Ukishuka kuelekea Kyerwa, wilaya iliyozaliwa kutokana na Karagwe mwaka 2012, utaufikia Mto Kagera, ambao unatutenga na jirani zetu wa Rwanda na Uganda. Mto huo ndio ngome ambayo Mungu aliijalia nchi hiyo, na haikujengwa na fundi yeyote.

Huenda basi utaniuliza: ngome za Waarabu, Waajemi na Waturuki zinatuhusu nini sisi, watu wa migomba na kahawa? Swali lako ni la haki. Jibu langu ni kwamba shuka ya kwanza ya merikani iliyovaliwa katika baraza ya Mukama wa Karagwe ilifika pale kwa sababu ya vita vya ngome vilivyopiganwa mbali, kwanza katika Ghuba ya Uajemi, kisha Mombasa. Tena maradhi yaliyoziangusha baadhi ya ngome hizo ndiyo hayo hayo yaliyoiangusha Bweranyange. Na maradhi hayo, ndugu yangu, hayajatoweka. Yamo katika nyumba nyingi za mjini na vijijini hata leo.

Nakuomba basi tufuatane hatua kwa hatua.

NGOME NI NINI?

Watu hudhani kwamba ngome ni ukuta. Ukuta ni sehemu moja tu. Ngome ni maji ndani ya kisima, nafaka ndani ya ghala, baruti iliyo kavu, mshahara wa askari unaolipwa kwa wakati, na zaidi ya yote, imani baina ya wale waliofungiwa pamoja. Palipo na mambo hayo, ukuta wa udongo unaweza kumchosha mfalme wa wafalme. Pasipokuwa na imani, ukuta wa mwamba ni kazi bure.

Chukua mfano wa Kandahar, katika nchi tunayoiita leo Afghanistan. Mji huo ulikuwa mpakani mwa dola mbili kubwa za Kiislamu: upande wa magharibi Uajemi ya ukoo wa Safavi, na upande wa mashariki India ya ukoo wa Mughal. Kila mmoja aliutamani, kwa kuwa ulishika njia ya misafara baina ya India na Uajemi. Mwaka 1638 liwali wa Kiajemi aliyeishika ngome hiyo, Ali Mardan Khan, aliingiwa na hofu kwamba Shah Safi, bwana wake mwenyewe, angemwua kama alivyokwisha kuwaua wakubwa wengine. Akaona heri kujiokoa. Akaikabidhi ngome kwa Shah Jahan, mfalme wa Mughal.

Mwaka 1649 Waajemi chini ya Shah Abbas wa Pili waliirudisha ngome mikononi mwao. Mughal hawakukubali. Waliizingira mwaka huo huo wa 1649, wakarudi mwaka 1652, wakarudi tena mwaka 1653. Mara mbili jeshi liliongozwa na Aurangzeb, na mara ya tatu na Dara Shikoh, wote wawili wana wa Shah Jahan. Mizinga ilinguruma, fedha nyingi ziliteketea, watu na wanyama wakafa, na Kandahar haikutekwa tena. Majeshi matatu ya dola tajiri yalishindwa kufanya jambo lililofanywa mwaka 1638 na mkono wa mtu mmoja mwenye hofu.

MWAKA WA NGOME MBILI

Sasa tuusogelee mwaka 1743. Wakati huo Uajemi ilitawaliwa na Nadir Shah, mpiganaji hodari aliyekwisha kuuteka Delhi mwaka 1739. Katika mwaka huo mmoja wa 1743 majeshi yake yalizingira ngome mbili zilizo mbalimbali sana, na zote mbili zikamshinda.

Ya kwanza ilikuwa Mosul, katika Iraki ya leo, mji wa mpakani wa Dola ya Uthmaniya ya Waturuki. Nadir alikuwa amekwisha kuichukua Kirkuk. Alipofika Mosul mwezi wa Septemba, aliupiga mji kwa mizinga mchana na usiku, akachimba mahandaki chini ya kuta ili azilipue kwa baruti, kisha akawapandisha askari wake kwa ngazi. Ndani ya mji alikuwamo liwali Haji Hussein Pasha wa ukoo wa Jalili, mwenyeji wa pale pale. Alikuwa amewakaribisha ndani ya kuta wanakijiji wa jirani, Waislamu kwa Wakristo. Wote walizilinda kuta pamoja, na palipobomolewa na mizinga wakapaziba pamoja. Baada ya siku zipatazo 40 Nadir alikubali kufanya mazungumzo, akaondoka. Kanisa la Bikira Maria liitwalo Al-Tahira lilijengwa upya baada ya vita hivyo, na wenyeji wa Mosul wameyasimulia mazingiwa yale kizazi baada ya kizazi.

Ngome ya pili ilikuwa Sohar, katika pwani ya Oman. Hapa, ndugu msomaji, kaza macho, maana ndipo historia yetu inapoanza kuingia. Waajemi hawakuja Oman kwa nguvu zao peke yao. Waliitwa. Tangu alipofariki Imamu Sultan bin Saif wa Pili, mwanzoni mwa karne ya 18, Waomani walikuwa wakigombania ni nani awe Imamu, na makabila yaligawanyika katika kambi mbili, Wahinawi na Waghafiri. Saif bin Sultan wa Pili, alipoona kiti kinamponyoka, alimwomba Nadir Shah msaada. Waajemi walishuka Oman mwaka 1737. Mgeni aliyekuja kumsaidia mwenye nyumba hakukawia kuitaka nyumba yenyewe.

Liwali wa Sohar alikuwa Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi. Waajemi walimzingira mwaka 1743 kwa miezi mingi, na ngome haikufunguliwa. Sultan bin Murshid, aliyekuwa amechaguliwa Imamu badala ya Saif, alifia pale kwa majeraha ya vita. Saif naye, yule aliyewaita wageni, alifariki mwaka huo huo bila kiti na bila nchi. Ahmad alifanya mapatano na Waajemi, na katika miaka iliyofuata akawaondoa Oman. Waomani wakamchagua kuwa Imamu. Huyo ndiye aliyeanzisha utawala wa Busaidi, ambao wajukuu zake walikuja kutawala Zanzibar.

KIVUMBI CHA MOMBASA

Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, mlangoni mwa bandari. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, yaani miezi 33. Ndani ya ngome maradhi na njaa viliua watu wengi kuliko risasi. Baada ya hapo Imamu wa Oman aliweka maliwali wake, na katika miaka ya 1730 uliwali uliingia katika ukoo wa Mazrui.

Ahmad bin Said alipochukua nchi kule Oman, liwali wa Mombasa, Muhammad bin Uthman al-Mazrui, alikataa kumtambua. Kwa maoni yake, yeye na Ahmad walikuwa maliwali wawili wa daraja moja; ikiwa mmoja ameweza kujitwalia Oman, mwingine hakosi haki ya kujitwalia Mombasa. Ahmad hakutuma jeshi. Mwaka 1746 walifika Mombasa watu waliojifanya kwamba wamekosana na Imamu. Walikaribishwa ndani ya ngome, wakamwua mwenyeji wao. Ali bin Uthman, ndugu wa marehemu, alitoroka kutoka kifungoni, akapata msaada wa watu wa Mombasa, akairudisha ngome.

Ali huyo alikuwa shujaa, walakini naye hakuangushwa na adui. Katika miaka ya 1750 alivuka bahari kwenda kuishambulia Zanzibar. Masimulizi ya pwani yanaeleza kwamba alikuwa karibu kushinda, lakini akauawa na jamaa yake mwenyewe, mtu wa damu yake, na jeshi likarudi nyumbani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Pamoja na hayo Wamazrui waliishika Mombasa karibu miaka 100. Siri yao ilikuwa mapatano. Walikuwa na masikilizano na koo za wenyeji, yaani Thelatha Taifa na Tisa Taifa, na vilevile na majirani wa bara ya Mombasa waliowaletea nafaka, pembe na watu wa vita. Maadamu mapatano hayo yalidumu, Sayyid Said bin Sultan, mjukuu wa yule Imamu Ahmad, hakuipata Mombasa. Alikuja na majahazi ya vita mwaka 1828, akakubaliwa kuweka askari wake ngomeni kwa mapatano. Alipoondoka askari hao walizingirwa mpaka njaa ikawatoa. Alirudi mwaka 1833 akashindwa. Alikuwa na meli nzuri kuliko za Mombasa, alikuwa na fedha na mizinga, na bado alirudi mikono mitupu.

Mwaka 1835 alifariki Salim bin Ahmad, kiongozi aliyewaweka Wamazrui pamoja. Mara tu baada ya kaburi kufunikwa, ugomvi wa urithi ulianza. Ukoo uligawanyika nani akae ngomeni, na wenyeji nao wakachoka. Baadhi ya masheikh wa mji wakamwandikia Sayyid Said aje. Mwaka 1837 alikuja, akaingia pasipo vita vikubwa. Ngome ambayo mizinga yake haikuweza kuifungua ilifunguliwa kwa barua, zawadi na ahadi. Muda mfupi baadaye wakubwa wa Mazrui walikamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas, katika pwani ya Uajemi, na hawakurudi tena. Jamaa zao waliosalia walikimbilia Gazi na Takaungu.

SHUKA ZIKAFIKA KARAGWE

Baada ya Mombasa kutulia, sehemu kubwa ya pwani ilikuwa chini ya bwana mmoja, na makao yake yalikuwa Zanzibar. Forodha iliendeshwa kwa utaratibu mmoja. Mwaka 1833 Sayyid Said alikuwa amekwisha kutia saini mkataba wa biashara na Marekani, na majora ya nguo zilizofumwa katika viwanda vya nchi hiyo yalimiminika bandarini. Ndiyo maana mpaka leo tunaiita nguo hiyo merikani. Matajiri wa Kihindi walikopesha mali, Waarabu na Waswahili wakapanga misafara, Wanyamwezi wakabeba mizigo na kuongoza njia. Misafara ilipita Unyanyembe, ambapo sasa ni Tabora, na mkondo mmoja ukaelekea kaskazini mpaka Karagwe.

Katika miaka ya 1840, enzi ya Mukama Ndagara, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufika. Ahmed bin Ibrahim alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kupita Karagwe hadi Buganda. Kituo chao cha Kafuro, karibu na Bweranyange, kilikuwa na nyumba za wageni, maghala na bustani. Walileta nguo, shanga na nyaya za shaba. Walichukua pembe za ndovu, na tusifiche ukweli, walichukua pia watu utumwani.

Ndagara alipofariki, katikati ya karne ya 19, Karagwe ilionja maradhi ya Oman na Mombasa. Walibaki wana watatu: Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Rumanyika mwenyewe alimsimulia msafiri Mwingereza, Speke, namna wakubwa wa nchi walivyoweka mbele yao ngoma ndogo yenye uganga, nyepesi kama unyoya. Ndugu zake wakashindwa kuinyanyua, yeye akaiinua kwa kidole kidogo. Ngoma ilitoa hukumu, lakini Rogero hakuridhika. Vita vikazuka, na Rumanyika alishinda kwa msaada wa Musa Mzuri, tajiri wa asili ya India aliyekaa Unyanyembe. Hivyo Mukama alipata kiti chake, na kuanzia siku hiyo akawa na deni la shukrani kwa wageni wa Kafuro.

Tazama sasa mwaka 1861 jinsi mambo yalivyokutana. Sayyid Said alikuwa amefariki baharini Oktoba 1856. Wanawe waligombana: Thuwaini alikuwa Oman, Majid alikuwa Zanzibar, na Barghash alimwasi Majid mwaka 1859 katika shamba la Marseilles, kisiwani Unguja. Majid aliokolewa na askari wa manowari za Kiingereza. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, ndiye aliyewakatia ndugu hao shauri la urithi wa baba yao. Dola ikagawanywa, na Zanzibar ikapangiwa kuilipa Maskati riyali 40,000 kila mwaka. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, Speke alikuwa akipokewa kwa ukarimu na Rumanyika kule Bweranyange. Mzungu mmoja alikuwa akigawa urithi wa ndugu waliogombana. Mwingine alikuwa akiandika daftarini habari za nchi ambayo ndugu wake nao walikwisha kugombana.

Rumanyika alifariki mwaka 1878. Stanley, aliyekuwa mgeni wake mwaka 1876, alipita Karagwe tena mwaka 1889, naye aliandika aliyosimuliwa: mwana mmoja alishika kiti kwa miezi michache akafa, mwana mwingine, Kakoko, akajitwalia utawala na kuwaua wengi wa ndugu zake, kisha naye akachomwa mkuki akiwa kitandani. Sotoka ya miaka ya 1890 iliwateketeza ng'ombe, na ndui ikaua watu. Wajerumani walipofungua kituo chao Bukoba, Novemba 1890, hawakukuta Karagwe ya Rumanyika. Walikuta nchi ambayo damu ya watoto wake ilikwisha kumwagwa na watoto wake. Mwaka 1916, katika vita vikuu vya kwanza, Wajerumani walimnyonga Mukama Ntare. Hapakuwa tena na mkono wenye nguvu wa kumzuia mnyongaji.

Sisemi kwamba wageni hawakuwa na makosa. La hasha. Aliyetia saini mikataba ya hila, aliyeuza watu, na aliyefunga kitanzi, kila mmoja ana dhambi yake. Ninalosema ni kwamba mgeni mwenye tamaa hutafuta ufa kabla ya kuleta mzinga. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Maneno hayo wazee wetu hawakuyatunga kwa mchezo.

Karne moja baadaye mpaka huo huo ulijaribiwa tena. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Amin alikuwa na vifaru na ndege, baadaye akaletewa na askari kutoka Libya. Lakini jeshi lake lilikuwa limekwisha kuliwa na hofu na uasi wa ndani. Upande wetu, wakulima walitoa ndizi na ng'ombe, wafanyakazi wakachanga, wanamgambo wakajiunga na jeshi. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979. Ushindi huo ulikuwa na gharama kubwa, na wengi wa Kagera wanayajua makaburi yake.

NYUMBA YAKO NI NGOME

Sasa ndugu msomaji, tuache wafalme, tuingie nyumbani kwako.

Huenda wewe ni mfanyakazi wa kiwanda, karani, mwalimu, dereva au mama muuza nguo sokoni. Huenda ulizaliwa Nkwenda, Kayanga au Murongo, ukaja mjini kutafuta maisha, na kule nyumbani mmebakiwa na kibanja cha baba: migomba, mibuni, nyumba ya bati, na makaburi ya wazee. Wakati baba yu hai, nyote mnakutana sikukuu, mnacheka, mnagawana senene. Siku baba anapofumba macho, tanga halijaondolewa, tayari kuna anayehesabu mibuni. Kaka mkubwa anadai kwamba yeye ndiye mrithi mkuu. Mdogo anasema ndiye aliyemwuguza mzee. Mama mjane anaulizwa atarudi lini kwao. Dada zenu wanaambiwa kuwa wao ni wa kuolewa, hawana sehemu.

Baada ya hapo hadithi ni ile ile ya Mombasa. Mmoja wenu huenda usiku kwa tajiri wa jirani, akamwuzia kipande kwa bei ya kutupa ili amkomoe nduguye. Mwingine hukopa fedha ili aendeshe kesi. Miaka inapita, shamba halipaliliwi, mnyauko unaingia migombani, na yule tajiri, ambaye hakuwahi kurusha hata jiwe moja, ndiye anayevuna. Watoto waliocheza pamoja wanakua pasipo kusalimiana. Kibanja kilichowalisha babu na baba kinaliwa na nauli za kwenda mahakamani.

Je, kuna dawa? Ipo, nayo haihitaji mizinga.

Kwanza, mzee aseme angali hai. Salim bin Ahmad, Ndagara, Sayyid Said na Rumanyika walikuwa watu wenye akili nyingi, lakini kila mmoja aliacha jambo la urithi likigombaniwa juu ya kaburi lake. Wengi wetu tunaogopa kuandika wosia kwa kudhani kwamba ni kujiitia kifo. Kifo huja kwa aliyeandika na kwa asiyeandika. Tofauti yao wanaiona watoto. Wosia huandikwa mtu akiwa na akili timamu, kwa hiari yake, mbele ya mashahidi, nao unaweza kuhifadhiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Mwenye kufuata sheria ya dini yake amwendee pia mjuzi wa dini hiyo, ili asiandike jambo litakalokuja kupingwa.

Pili, pasipo na wosia, ukoo ukutane upesi na kwa uwazi, na jina la msimamizi wa mirathi lipelekwe mahakamani. Huyo msimamizi si mrithi wa kila kitu. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa haki, na kutoa hesabu. Mchagueni mwaminifu, hata kama si mkubwa kwa umri, na mwulizeni hesabu bila haya.

Tatu, usimfukuze mwanamke katika ngome uliyozaliwa. Kumbuka Mosul: mji ulisimama kwa kuwa kila aliyekuwamo alihesabiwa kuwa mwenyeji. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, katika shauri lililotoka Kagera, iliamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza kama aliyonayo mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inatambua haki sawa ya mwanamke katika ardhi. Dada aliyepewa haki yake huwa mlinzi wa ukuta. Dada aliyenyimwa, usishangae akimfungulia mgeni mlango. Ni wewe uliyemweka nje.

Nne, mkigombana, na ndugu hawakosi kugombana, tafuteni mpatanishi karibu kabla hamjamtafuta wa mbali. Mjomba, shangazi, mzee wa kijiji, padri au sheikh, wote hao wanajua mpaka wa shamba lenu na machozi ya mama yenu. Mahakama ni ya lazima pale haki inapokanyagwa, na asikuzuie mtu kuiendea. Lakini Lord Canning alipowakatia shauri wana wa Sayyid Said, aliwapa hukumu. Undugu hakuwapa, kwa kuwa hakuwa nao.

Leo Ngome ya Yesu ni jumba la makumbusho, na watoto wa shule hupiga picha juu ya mizinga iliyonyamaza. Bweranyange imebaki na majani, upepo na majina ya Abakama. Kibanja cha baba yako bado kina migomba inayozaa. Kama mzee yu hai, Jumapili hii ni siku njema ya kumpigia simu, umjulie hali, na baada ya salamu umwombe kwa adabu awakusanye wanawe wote, wa kike na wa kiume, awaambie neno lake wakiwa wanamsikia kwa masikio yao wenyewe.

Kwaheri hadi Jumapili ijayo.